Menyanthes, Mmea Unaotandaza Ardhi Juu ya Maji

Katika vinamasi na kingo za maziwa ya nchi za baridi, kuanzia Ireland na Skandinavia hadi Siberia, Japani, Kanada na Marekani ya kaskazini, huota mmea wa kudumu, yaani uishio miaka mingi, ambao Carl Linnaeus aliupa mwaka 1753 jina la kisayansi la Menyanthes trifoliata. Ndiyo spishi pekee iliyosalia hai katika jenasi yake, ingawa ndugu zake wa jenasi ya Nymphoides, ambao majani yao hulala juu ya maji kwa namna ya yungiyungi, hupatikana hata Afrika Mashariki.

Kila jani hugawanyika sehemu tatu, na maua, ambayo huwa ya waridi kabla ya kuchanua na meupe yakishafunguka, yana petali zilizojaa vinyweleo virefu. Jambo la ajabu zaidi halionekani mpaka ua litazamwe kwa karibu: baadhi ya mimea huwa na pistili ndefu, yaani kiungo cha kike kinachopokea chavua, pamoja na stameni fupi zinazoitoa, na mingine huwa kinyume chake, hivyo mdudu akitoka ua la aina moja hubeba chavua mahali panapofaa kugusa pistili ya aina ya pili. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1877 kuhusu maua ya namna hii, alieleza kuwa mwanawe William alichuma maua 247 kutoka mimea tofauti, na kati yake 110 yalikuwa ya pistili ndefu na 137 ya pistili fupi.

Hata hivyo, kazi kubwa ya mmea huu hufanywa na rizomu, yaani shina nene litambaalo, ambalo kwa kuwa na nafasi za hewa ndani yake huelea kutoka ukingoni kuelekea katikati ya ziwa. Rizomu nyingi zikisukana huwa mkeka ambamo kuvumwani na nyasi hushika, na baada ya muda mrefu hutokea ardhi inayotikisika ikikanyagwa, ambayo chini yake hulundikana mboji, yaani mabaki ya mimea yasiyooza sawasawa kwa kukosa hewa.

Majani yake ni machungu mno, na uchungu huo ulitumika kuamsha hamu ya kula na kutia ladha katika bia; wakati wa njaa, watu wa Skandinavia walikausha rizomu na kuzisaga ili kuongeza unga wa mkate, chakula ambacho bila shaka hakuna aliyekila kwa kupenda.

Makazi yake mengi Ulaya yametoweka kwa kukaushwa ili yawe mashamba na kwa kuchimbwa mboji ya kuni. Lakini mashimo hayo ya mboji yakiachwa yajae maji, menyanthes huweza kuota humo tena.