Chuo cha Tiba ya Mifugo Kianze Kujengwa Zizini

Ni desturi yetu, tunapojenga chuo, kuanza na lango, kisha ofisi za wakubwa, kisha ukumbi wa mihadhara. Mahali pa kazi yenyewe hukumbukwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Kwa chuo cha sheria desturi hiyo huenda isidhuru sana. Kwa chuo cha tiba ya mifugo yaweza kuua.

Wakazi wa Olkaria na kandokando ya Ziwa Naivasha wana sababu ya kulijua hili. Mwaka wa 1930, katika shamba moja karibu na ziwa hilo, kondoo walitupa mimba na wana wao wakafa kwa wingi. Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na Garnham, waliueleza ugonjwa huo mwaka uliofuata, nao ndio unaoitwa leo Homa ya Bonde la Ufa. Mbu huueneza miongoni mwa mifugo, lakini binadamu huupata hasa kwa kushika damu, mizoga na mimba zilizotupwa. Wachungaji waliugua, wachunguzi nao wakaugua. Katika mlipuko wa 2006 na 2007, watu wapatao 150 walifariki nchini Kenya.

Basi anayechora ramani ya chuo na aanze na mzoga. Chumba cha kupasulia mizoga kiwe mbali na madarasa, na mlango wa mzoga usiwe mlango wa mwanafunzi. Sakafu iwe na mteremko. Maji machafu yaingie shimoni yatiwe dawa, yasitiririkie mtoni wala ziwani. Mwanafunzi avue buti na aproni, aoge, ndipo atoke. Mazoea hayo hayafundishwi kwa ubao na chaki. Hufundishwa na jengo lenyewe, kila siku, hadi yawe tabia.

Baada ya hapo lije zizi: pahali pa kumshushia ng'ombe kutoka kwenye lori, njia nyembamba ya nguzo za kumbania asimjeruhi mtu, sakafu isiyoteleza, kivuli, na banda la pekee kwa wenye magonjwa ya kuambukiza. Nafasi iwatoshe wanafunzi wachache kumzunguka mnyama mmoja, kila mmoja amguse. Aliye nyuma ya umati hujifunza kisogo cha mwenzake tu.

Yako masomo ya tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, na katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Lakini ng'ombe mgonjwa wa Mmaasai wa Olkaria hawezi kutembea hadi huko. Kwa hiyo kila mpango wa majengo mapya uwe na kliniki ndogo malishoni, ambako mwanafunzi atamsikiliza mfugaji kabla ya kumpima mnyama.

Olkaria pana neema ya pekee. Mvuke wa ardhini umezalisha umeme hapo tangu 1981. Shamba la Oserian liliutumia kupashia joto vibanda vya maua. Na huko Menengai joto hilo limejaribiwa kusafishia maziwa. Lililofaa waridi na maziwa halishindwi kuchemsha maji ya kunawia na vyombo vya upasuaji.

Wako watakaosema kwamba fedha ni haba, tununue kwanza kompyuta na viti. Hoja hiyo ina uzito, ila kompyuta yaweza kuongezwa mwaka ujao katika chumba chochote. Mteremko wa sakafu na njia ya maji machafu haviongezwi saruji ikisha kukauka. Kwa sababu hiyo, walimu na wanafunzi wadai kuiona ramani kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, nao wafugaji waitwe mezani. Kosa la kalamu hufutika kwa raba. La saruji hulipiwa kwa afya ya vijana wetu.