Geji ya Ombwe: Kipimo cha Nairobi, Kazi ya Garsen

Mto Tana ukishuka wakati wa kiangazi, pampu za umwagiliaji kuanzia Hola hadi Garsen hulazimika kuvuta maji kutoka chini zaidi. Geji ya ombwe iliyofungwa upande wa kunyonya humweleza fundi hali ilivyo. Usomaji ukipanda kuliko kawaida, ama maji yameenda mbali ama chujio limeziba kwa tope. Ukiporomoka ghafla, bomba linavuta hewa. Lakini geji yenyewe ikidanganya, fundi atafungua pampu nzima isiyo na kosa.

Geji nyingi za aina hii zina mrija wa shaba uliopinda, ubunifu aliousajili Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Hewa ikinyonywa, mrija hujikunja zaidi na kusogeza mshale. Mtetemo wa injini huuchosha mrija huo, na mshale huanza kupotoka.

Geji hiyo hupima tofauti kati ya presha ya ndani ya bomba na ile ya hewa ya nje. Garsen, karibu na usawa wa bahari, hewa hukandamiza kwa takriban kilopaskali 100. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, ni takriban 83. Kwa hiyo geji yenye alama hadi 100 ikikaguliwa Nairobi bila chemba maalumu, mshale hauwezi kupita 83. Sehemu iliyobaki haijajaribiwa.

Kwa matumizi ya shambani, kifaa cha kukagulia chaweza kutengenezwa papo hapo. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uufunge wima kwenye mnara wa tangi, ncha ya chini ikizama ndani ya ndoo ya maji safi. Juu weka kiungo cha njia tatu: mpira, geji, na pampu ndogo ya mkono yenye vali. Nyonya hadi maji yapande mita 1 kutoka uso wa maji ya ndoo; geji isome kilopaskali 9.8. Mita 3 ni 29.4, mita 4 ni 39.2.

Kwanza funga vali na usubiri dakika tano. Maji yakishuka, kuna mahali panapovuja, na usomaji wowote ni bure. Kisha pima maji yakipanda na tena yakishuka, ukigonga kioo cha geji taratibu kila kituo, kwa kuwa mshale uliokwama hutoa majibu mawili kwa kimo kimoja. Geji ya daraja la usahihi la 2.5 yenye kipimo cha 100 inaruhusiwa kukosea kilopaskali 2.5, sawa na takriban sentimita 25 za maji. Ikizidi hapo, ibadilishe.

Juu ya mita 4, linganisha na geji rejea yenye cheti cha maabara. Na cheti chochote ukipewa, soma kwanza kiliishia alama gani.