Kumwachisha Ndama Kunyonya Kabla ya Kumwuza

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wafugaji wengi hulidharau, nalo ni kumwachisha ndama kunyonya kabla ya kumpeleka mnadani.

Bila shaka mmekwisha kuliona. Mtu ana haja ya fedha za sare na madaftari ya watoto. Alfajiri humtoa ndama chini ya mama yake, humfunga kamba na kumswaga mpaka mnadani. Ndama hulia njia nzima, hataki majani wala maji. Kufika adhuhuri ubavu umebonyea na macho yameingia ndani. Mnunuzi humtazama mara moja, akataja bei ya ndama mgonjwa. Mwenyewe husema amepunjwa. Lakini tuseme kweli: mnunuzi hakukosa hesabu. Ajua ya kuwa ndama wa namna hii atakonda siku nyingi zizini mwake, na huenda akafa.

Sababu ni nini? Ndama huzaliwa na matumbo manne kama mama yake, walakini lifanyalo kazi kwanza ni la nne, limeng'enyalo maziwa. Tumbo kubwa, livundishalo majani, hukua kidogo kidogo kwa kadiri ndama anavyozoea kula majani. Ndama wa miezi sita au saba aweza kuishi bila maziwa, illa moyo wake ungali kwa mama. Akitengwa kwa ghafula, huzuni, njaa na uchovu humjia pamoja, na mwili hupungukiwa na nguvu za kushindana na maradhi. Katika bonde la Kilombero hatari huzidi, maana kuna mbung'o waletao nagana, na kupe waletao ndigana kali.

Basi tufanyeje? Ndama aliyezaliwa mwezi wa Desemba hutimiza miezi saba mwezi wa Julai. Wakati huo mafuriko yamepungua, na majani mabichi yapatikana pale maji yalipokauka. Ndio wakati mwema.

Kwanza, wiki mbili au tatu kabla ya kumtenga, mzoezeni ndama kula majani mema, chumvi, na pumba laini ya mpunga kidogo. Msimpe maganda matupu, kwa maana hayana lishe. Muda huo huo mwombeni bwana mifugo amchanje ndama ugonjwa wa chambavu na kimeta. Kuhasi na kukata pembe kusifanywe siku ya kumtenga. Taabu moja yatosha kwa siku moja.

Pili, mwacheni ndama katika zizi alilolizoea, mkamweke mama upande wa pili wa ua. Ua uwe imara, ndama asipate kunyonya, lakini waonane na kunusana. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, huko Marekani, walitangaza majaribio yao: ndama waliotengwa kwa ua tu walilia kidogo, wakaongezeka uzito kuliko wale waliopelekwa mbali na mama zao. Kwetu si lazima kununua waya. Miiba na magogo yatosha. Wala jambo la kutenga si geni, kwani Wamasai tangu zamani huwaweka ndama wadogo katika zizi lao wenyewe.

Kelele zitakuwapo siku tatu au nne. Msiingiwe na huruma mkamrudisha ndama kwa mama yake, maana mkifanya hivyo kazi yote itaanza upya.

Tatu, ngojeni. Marekani wafugaji wengi hungoja siku 45 baada ya kuachisha ndipo wauze. Wanafunzi na wawahesabie baba zao: ndama akitengwa tarehe 15 Julai, siku hizo zitatimia tarehe 29 Agosti. Kufika hapo amekwisha sahau ziwa, anakula na kucheua kwa utulivu, na manyoya yake yang'aa. Haja ikibana sana, hata wiki tatu ni bora kuliko asubuhi moja.

Mama naye hupata faida. Wahenga walisema ng'ombe hashindwi na nunduye. Lakini ndama mkubwa anyonyaye bado humdhoofisha mama, akakawia kushika mimba. Akipumzika, hurudisha mwili na kuzaa tena mapema.

Twasema haya kwa sababu bonde letu haliongezeki. Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig wamekuja na makundi yao, na wakulima wanahitaji mashamba ya mpunga. Mwaka 2002 bonde liliandikwa katika orodha ya ardhi oevu za Ramsar zenye thamani kwa ulimwengu wote, na mwaka 2012 Serikali iliwaondoa wafugaji wengi pamoja na mifugo yao. Wengi wenu mwakumbuka machungu ya mwaka ule. Mwenye kutaka mali kwa kuongeza vichwa tu, atapata wapi malisho? Afadhali ng'ombe wachache, na kila ndama auzwe kwa thamani yake kamili.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kuitafuta kamba ya kumpeleka ndama mnadani, jengeni kwanza ua wa kumtenga. Kwaherini.