Msumeno wa Nyumbani Ukigoma

Wenzetu wa Uganda waliijua shida ya vipuri tangu zamani. Waasia walipofukuzwa nchini humo mwaka 1972, maduka na viwanda vingi vilibaki bila wenyewe waliovizoea, na kupata beringi au mkanda mpya kukawa kazi ngumu. Mafundi wa Katwe, mjini Kampala, wakapata sifa ya kufufua mashine zilizokwisha kutupwa na kuchonga kwa mkono kipuri kisichopatikana dukani.

Moyo huo haukuishia Katwe. Mfanyakazi wa kiwanda huko Jinja, au wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, akirudi nyumbani jioni huenda akashika kazi ya pili: kutengeneza vitanda, milango na madawati kwa msumeno wa duara wa mezani alioununua mkuukuu. Msumeno huo ukigoma, ada ya watoto nayo hukwama. Basi tuangalie jinsi ya kuutengeneza bila kupoteza fedha wala vidole.

Jambo moja tulikumbuke mapema. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, inamhusu aliyeumia kwa sababu ya kazi ya mwajiri wake. Kidole kilichokatika nyuma ya nyumba yako, kwenye kazi yako mwenyewe, hakimo. Nyumbani wewe ndiwe tajiri, wewe ndiwe mfanyakazi, na wewe ndiwe mkaguzi wa usalama.

UMEME KWANZA

Usizime swichi tu. Chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona, ili mtoto au jirani asije akaichomeka. Kisha jihadhari na kapasita, kile kikopo kidogo kilichofungwa kwenye mota. Hicho huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Kiondoe umeme kwa kugusisha ncha zake mbili na nyaya za balbu ya kawaida ya volti 240, huku umeshika penye mpira.

MOTA INANGURUMA LAKINI HAIZUNGUKI

Fungua mkanda, uzungushe shafti ya mota kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza, lawama ni ya beringi. Ikiwa nyepesi, zungusha na ekseli ya msumeno; huenda ndiyo iliyokwama. Kama zote mbili ni nyepesi, basi shuku kapasita, au ile swichi ndogo iliyomo ndani ya mota, ambayo hujaa unga wa mbao na kushindwa kushika. Isafishe kwa brashi kavu. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, na volti zake zisipungue. Mota ikinuka moshi na koili zake zimekuwa nyeusi, hiyo ni kazi ya fundi wa kusuka mota.

MSUMENO UNALEGEA UKIINGIA KWENYE MBAO

Hapa watu wengi hukimbilia kulaumu mota, kumbe kosa liko kwingine. Tazama mkanda: ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, ubonyee kiasi cha sentimita moja hivi. Weka ubao ulionyooka ubavuni mwa puli zote mbili uone kama zimelingana. Zisipolingana mkanda huliwa upande mmoja. Tazama meno pia. Mvule huwa na vijiwe vigumu ndani yake, na kijiwe kimoja chatosha kuvunja meno au kuyafanya butu. Waya mrefu mwembamba wa kuvutia umeme nao hupunguza nguvu, na mota huungua polepole.

Ikiwa mashine imetoka Marekani, jua kwamba huko umeme ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, na kwetu ni 50. Hata ukipata kifaa cha kupunguza volti, mota itapungua mwendo kwa sehemu moja katika sita.

KUBADILI BERINGI

Beringi ina namba yake, nayo ndiyo ya kupeleka dukani. Beringi ya 6203 ina tundu la milimita 17 na upana wa nje wa milimita 40. Kuanzia 6204, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano upate tundu: 6204 ni milimita 20, na 6205 ni milimita 25. Chagua iliyofunikwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu unga wa mbao ni adui wa grisi.

Unapoiingiza kwenye shafti, gonga kwa bomba linaloegemea duara la ndani tu. Ukigonga duara la nje, pigo hupita kwenye gololi, na beringi mpya huanza kulia kabla haijafanya kazi wiki moja.

HESABU YA PULI

Ikibidi kubadili puli, usichukue yoyote uliyoiokota. Zidisha mwendo wa mota kwa upana wa puli yake, kisha gawanya kwa upana wa puli ya msumeno. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika, yenye puli ya milimita 100, ikivuta puli ya milimita 50, huupa msumeno mizunguko 2,880. Weka puli ya milimita 150 kwenye mota hiyo hiyo, mizunguko inafika 4,320. Linganisha na mwendo wa mwisho ulioandikwa kwenye msumeno wenyewe, wala usiupite. Msumeno wa duara wenye ufa hauchomelewi, hutupwa.

KABLA YA KUWASHA

Rudisha kinga juu ya msumeno, pamoja na lile bamba la nyuma linalozuia mbao isibane na kurushwa tumboni mwako. Hakikisha waya wa ethi umefungwa kwenye mwili wa mashine. Ukiweza, tia swichi ambayo umeme ukikatika hujizima, isiyowaka yenyewe umeme ukirudi. Washa mara ya kwanza ukiwa umesimama kando, wala si mbele ya msumeno, na uuache uzunguke mtupu kidogo huku ukisikiliza. Funga kitambaa puani au, bora zaidi, vaa barakoa ya vumbi: tangu mwaka 1995 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unasema mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake, wala asilazimishwe kufanya hivyo. Tunaudai kiwandani kwa haki. Haitakuwa na maana tukiudai kwa meneja asubuhi, kisha jioni tuing'oe kinga wenyewe ili mbao ipite upesi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifaa cha kung'olea beringi ni ghali kwa mtu mmoja, lakini wenzi kumi wa tawi moja wakichanga wanaweza kukinunua na kukitumia kwa zamu. Jambo hilo lafaa kuletwa kwenye mkutano ujao wa tawi.