Mgonjwa Akienda India: Hoteli au Nyumba ya Kupanga?

Kila mwaka watu wa kwetu huvuka bahari kwenda India kutafuta matibabu. Wengine hupelekwa na Serikali kwa rufaa, wengine na jamaa zao waliouza ng'ombe au kiwanja, na wengine kwa michango ya majirani na ya kanisa. Habari za daktari huulizwa sana. Nauli nayo huulizwa. Lakini ukiwauliza, "Mtalala wapi?" mara nyingi hujibu, "Tutaona huko huko." Jibu hilo ni la hatari, maana malazi yasiyofikiriwa yaweza kula fedha ya dawa, tena yaweza kumrudisha kitandani mgonjwa aliyekwisha kupona nusu.

Basi leo tutazame neno hili moja: jamaa wafikapo India na mgonjwa wao, walale hotelini au wapange nyumba? Tutashika miji miwili tu ya kusini, katika jimbo la Tamil Nadu. Mmoja ni Chennai, mji mkuu wa jimbo, uliokuwa ukiitwa Madras mpaka mwaka 1996. Wa pili ni Vellore, mji mdogo ulio kilomita 140 hivi upande wa magharibi.

MIJI YENYEWE

Chennai ni mji mkubwa wa pwani wenye hospitali nyingi za watu binafsi. Hospitali ya Apollo iliyo Greams Road ilifunguliwa mwaka 1983, na katika vichochoro vya karibu nayo zimo gesti na fleti nyingi zinazopokea wagonjwa wa nchi za nje.

Vellore ina sifa nyingine. Huko ndiko alikofanya kazi Ida Scudder, binti wa daktari mmisionari wa Kimarekani. Alipokuwa msichana aliona usiku mmoja wanawake watatu wakifa kwa uzazi, kwa sababu desturi ya watu wao haikukubali mganga mwanamume aingie chumbani. Alikwenda Marekani akasomea udaktari, akamaliza mwaka 1899, na mwaka 1900 akafungua zahanati ya kitanda kimoja. Mwaka 1918 akaanzisha shule ya kuwafundisha wanawake udaktari. Kitanda kile kimoja leo ni hospitali ya Christian Medical College, yenye vitanda zaidi ya 2,000. Mitaa inayoizunguka imejaa gesti za wagonjwa, na nyingi zina mahali pa kupikia, kwa kuwa wageni wake hutoka mbali na hukaa siku nyingi.

WEMA NA UZITO WA HOTELI

Hoteli ina wema wake, wala tusiudharau. Ukifika saa nane ya usiku, mtu yupo mezani kukupokea. Shuka hufuliwa na mwingine. Umeme ukikatika, hoteli iliyo nzuri huwasha jenereta. Ukitaka kuondoka kesho, waondoka. Hakuna mkataba unaokufunga. Tena mwenye hoteli aijua sheria ya wageni, ambayo tutaitaja mbele kidogo.

Uzito wake ni chakula na bei. Chakula cha kusini mwa India ni kizuri, lakini kina pilipili na ukwaju ambavyo tumbo la mgonjwa mgeni huenda lisivistahimili. Mgonjwa aamkapo usiku akataka uji, jiko la hoteli limefungwa. Na kila siku inayoongezeka huongeza hesabu kwa bei ile ile, wala haikuulizi kama dawa zimekwisha kulipiwa.

WEMA NA UZITO WA NYUMBA

Nyumba ina jiko, na jiko kwa mgonjwa ni nusu ya dawa. Mtu wa moyo au wa figo huambiwa apunguze chumvi. Hotelini hajui ni chumvi kiasi gani imetiwa katika mchuzi, nyumbani ajua. Mtu wa kansa, ambaye dawa zake zimeudhoofisha mwili, huambiwa ajihadhari na chakula kilicholala au kilichoshikwashikwa. Jambo hilo hulindwa vizuri zaidi na mkono wa mtu wake mwenyewe. Sokoni Chennai utapata mchele, dengu, nazi, ndizi za kupika, muhogo, samaki, hata mchicha. Unga wa ugali kama wa kwetu haupatikani kila duka. Maji ya kunywa hununuliwa katika madumu ya lita 20.

Lakini nyumba ni kazi. Mwangalizi wa mgonjwa, akiwa peke yake, ndiye aendaye sokoni, ndiye apikaye, ndiye afuaye, na ndiye apangaye foleni hospitalini kulipa na kuchukua majibu ya vipimo. Saa zile akiwa sokoni, mgonjwa yuko na nani? Usiku mgonjwa akizidiwa, hakuna karani mlangoni wa kuita gari. Majirani ni watu wema, lakini lugha yao ni Kitamil. Kwa hiyo nyumba yafaa zaidi waendapo waangalizi wawili. Na jambo hilo lawezekana, kwa sababu sheria ya viza ya India hukubali waangalizi wawili kwa mgonjwa mmoja.

TUFANYE HESABU

Hesabu zifuatazo ni za mfano tu, ili njia ionekane. Bei za kweli muulize kabla ya kusafiri. Tuseme mgonjwa na mwangalizi mmoja wakaa siku 30. Hoteli ni rupia 2,000 kwa usiku, yaani 60,000. Chakula cha kununua ni rupia 600 kwa kila mtu kwa siku, yaani 36,000 kwa wote wawili. Jumla ni rupia 96,000. Nyumba ni rupia 1,500 kwa usiku, yaani 45,000. Chakula cha kupika ni rupia 400 kwa siku kwa wote wawili, yaani 12,000. Gesi, sabuni, sufuria na vikorokoro vingine ni 4,000. Jumla ni rupia 61,000. Wamebakiwa na rupia 35,000.

Sasa tuseme wakaa siku 5 tu. Hoteli na chakula ni rupia 16,000. Nyumba, chakula na vyombo ni 13,500. Faida ni rupia 2,500 tu, na kwa faida hiyo siku nzima imepotea kutafuta sufuria na mtungi wa gesi, huku mgonjwa akingoja. Hapo nyumba haina maana.

Tena angalia umbali. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali ina kodi nyingine iliyojificha. Ikiwa bajaji ya kwenda na kurudi ni rupia 400, kwa siku 25 za kwenda hospitalini ni rupia 10,000. Matibabu ya mionzi, kwa mfano, mara nyingi hutolewa siku tano za juma kwa majuma kadhaa. Mtu aliyedhoofika akirushwarushwa barabarani kila asubuhi na jioni, hasara yake haihesabiki kwa rupia.

SAFARI MOJA, HATUA TATU

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yafaa sana kwa safari ya matibabu, maana safari hiyo ina hatua zake, na kila hatua ina malazi yake.

Hatua ya kwanza ni siku za vipimo. Hamjui bado kama mtakaa juma moja au miezi miwili. Daktari aweza kusema, "Hapana haja ya kupasua, chukua dawa hizi, rudi kwenu." Siku hizo laleni hotelini au katika gesti iliyo karibu na hospitali. Msilipe nyumba ya mwezi kabla daktari hajasema neno lake.

Hatua ya pili ni siku za wodini. Mgonjwa amelazwa, na hospitali nyingi humruhusu mwangalizi mmoja kuwa karibu naye. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila kuonekana: nyumba imepangwa, haina mtu, na kodi yaendelea. Kama mwangalizi ni mmoja na amepata mahali pa kulala hospitalini, achukue mzigo wake na kukirudisha chumba. Kama ni wawili, chumba kimoja kidogo chamtosha yule wa pili.

Hatua ya tatu ni siku za kupona. Daktari amemtoa mgonjwa wodini, lakini hamruhusu bado kupanda ndege. Ataka kumwona tena na tena. Aliyewekewa figo, kwa mfano, huambiwa abaki karibu na hospitali kwa miezi kadhaa. Hiyo ndiyo saa ya jembe. Sasa siku zajulikana, mji umezoeleka, na mwangalizi aweza kwenda kwa miguu yake kuitazama nyumba, kufungua bomba, kupanda ngazi, na kuuliza majirani. Picha ya kwenye simu haikuonyeshi ngazi za ghorofa ya tatu zisizo na lifti, wala harufu ya mtaro chini ya dirisha.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, uliza juu ya fomu ya wageni. Sheria ya India humtaka kila mtu anayempa mgeni wa nchi nyingine malazi, awe mwenye hoteli au mwenye nyumba, ampelekee habari zake ofisa wa wageni ndani ya saa 24. Fomu hiyo hutakiwa pia wakati wa kuongeza viza. Viza ya matibabu inayoombwa kwa mtandao ni ya siku 60, na si wote wanaopona kwa siku 60. Mwenye nyumba akikuambia, "Mambo ya fomu achana nayo," basi achana na nyumba yake.

Pili, uliza muda. Mikataba ya kawaida ya nyumba huko huandikwa kwa miezi 11, na mwenye nyumba hutaka amana kubwa. Hiyo si ya mgonjwa. Tafuta nyumba inayopangishwa kwa siku au kwa juma, na uandikiwe amana yako itarudishwa siku gani.

Tatu, uliza juu ya nyama na samaki. Wako wenye nyumba wasiokula nyama kwa ajili ya dini yao, nao hawataki ipikwe ndani ya nyumba yao. Wana haki yao. Waheshimu, ukatafute pengine.

Nne, uliza nani hulipa umeme, hasa kama kuna mashine ya kupoza hewa. Miezi ya Aprili mpaka Juni joto la Chennai ni kali, na mgonjwa mwenye kidonda cha kupasuliwa hawezi kukaa bila upepo.

Tano, tazama choo. Mtu aliyepasuliwa tumbo au nyonga hawezi kuchuchumaa. Choo cha kukalia si anasa kwake.

Sita, lipa kwa juma na uchukue risiti kila ulipapo. Dalali akitaka fedha ya mwezi mzima kabla hujaiona nyumba, mwambie asubiri.

NENO KWA WANAOBAKI NYUMBANI

Sisi tuandikao orodha za michango katika ofisi za parokia twajua jinsi mambo yalivyo. Watu huchangia kwa moyo wanaposikia neno "upasuaji". Wakisikia "kodi ya chumba na mtungi wa gesi," wengine hunong'ona ya kwamba msafiri anakwenda kustarehe. Si kustarehe. Siku 30 za kupona katika nyumba safi ni sehemu ya upasuaji ule ule. Ikiwa fedha yote imetiwa katika kisu cha daktari, na hakuna iliyobaki kwa uji, mgonjwa atalazimika kupanda ndege kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo kamati ya mchango iandike tangu mwanzo mafungu matatu: matibabu, nauli, na malazi pamoja na chakula. Fungu la tatu lisiguswe kwa ajili ya mengine. Na mwangalizi atakayechaguliwa asichaguliwe kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo au ana pasipoti tayari. Achaguliwe kwa kuwa ajua kupika, ajua kusoma risiti, na ana uvumilivu wa kukesha.

Tukumbuke mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka. Hakuishia kumfunga yule mtu majeraha yake. Alimpeleka katika nyumba ya wageni, akamwuguza, na kesho yake akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba, tena akaahidi kulipa gharama itakayozidi atakaporudi. Bwana wetu hakuliona jambo la chumba na gharama zake kuwa dogo, hata akaliacha katika mfano huo. Nasi tunapomsafirisha ndugu yetu, tuzihesabu dinari za chumba kabla ndege haijaruka.