KUSOMA HISTORIA: TUPIME DENI MBELE YA MSHAHARA



Kila mwaka, wakati wa kungojea matokeo ya egzetat, swali moja linarudi kati yetu wafinalisti: tutasoma nini? Wengine wanapenda historia. Wakisema hivyo nyumbani, wanajibiwa: «Historia italeta feza gani?» Swali hilo si baya, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: deni la masomo litaanza kulipwa lini, na mshahara utaanza kuingia lini? Sisi tunaona kwamba hatari iko katikati ya siku hizo mbili.

1. Deni ni la nani?

Katika inchi jirani serikali inakopesha wanafunzi. Bodi ya mikopo ya Tanzania ilianza kazi 2005; mtu akipata kazi ya mshahara, wanamkata 15 kwa mia kila mwezi. Bodi ya Kenya ilianzishwa 1995, na faida yake ni 4 kwa mia kwa mwaka. Watu wa kule wananungunika juu ya makato hayo, na mwaka 2021 Tanzania iliondoa nyongeza ya 6 kwa mia iliyokuwa inaongeza deni. Lakini angalieni jambo moja: mkato wa namna hiyo unatoka katika mshahara. Mwenye kukatwa amekwisha kupata kazi.

Kwetu haiko hivyo. Miaka ya 1970 serikali ya Zaire ilitoa bourse kwa wanafunzi wa universite. Leo bourse ni baba na mama. Deni letu haliandikwi katika bodi yoyote. Liko katika mbuzi waliouzwa, katika likelemba ya mama, katika feza ya mjomba, na katika mdogo wetu aliyerudishwa nyumbani juu ya kukosa minervali. Na mara nyingi mdogo huyo ni binti. Huyu hawezi kungoja kaka apate kazi. Miaka yake ya shule inapita.

2. Hesabu ya masomo

Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 inchi yetu ilianza kuingia katika mpango wa LMD. Zamani ilikuwa graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Sasa licence ni miaka 3, na master miaka 2 nyuma yake. Ni vizuri kujua hivyo, kwa sababu mtu anaweza kupima miaka 3 peke yake, atafute kazi, kisha afikiri master.

Wengi wanahesabu feza ya kuandikishwa tu. Tuongeze nyumba ya kupanga Kindu, chakula, silabusi, njia ya kwenda na kurudi, na kazi ya kuandika ya mwisho. Tuandike yote katika daftari pamoja na wazazi.

Halafu tukimbie «Banque Lambert». Tuchukue mfano: mtu anakopa dola 100, anaombwa faida ya 30 kwa mia kila mwezi. Akilipa faida tu, kisha miezi 10 ametoa dola 300, na zile 100 bado ziko palepale! Hakuna mshahara wa mwalimu unaoweza kukimbia pamoja na deni kama hilo.

3. Mshahara unaingia lini?

Wengi wanaosoma historia wanaingia katika kufundisha. Lakini kupewa darasa na kupewa mshahara ni mambo mawili. Mwalimu mupya, yule tunamwita «nouvelle unité», anafundisha akingojea jina lake liingie katika listi ya serikali. Kungoja huko kunaweza kuchukua miaka. Gratuité iliyoanza 2019 ni ya shule za primaire. Kwa hiyo mwalimu wa secondaire asiye katika listi anaishi na prime ya wazazi, nayo inakuja kama wazazi wako na kitu.

Tena saa za historia si nyingi katika juma. Mwenye kuweza kufundisha jiografia na civisme pia anajaza saa zake. Na aliyepita universite anaombwa agrégation juu ya kufundisha secondaire, lakini ISP inatayarisha walimu tangu mwanzo. Kindu kuko universite na ISP. Mbele ya kujiandikisha, tuulize njia zote mbili.

4. Na machimbo?

Wengine watasema: «Afazali kuchimba kasiterite na wolfram hapa Kailo, feza inaonekana mara moja.» Ni kweli, inaonekana mara moja. Lakini bei ya bati inapimwa London, si kwetu. Na katika Septemba 2010 rais alifunga machimbo ya wachimbaji wadogo katika Maniema na Kivu zote mbili mpaka Machi 2011. Miezi 6 mtu na shimo lake, bila kazi. Basi machimbo nayo yana kungoja kwake.

5. Basi tusisome historia?

Hapana, hatusemi hivyo. Livingstone alifika Nyangwe 1871, akaandika; Stanley alipita 1876, akaandika. Mambo ya babu zetu wa Maniema tunayasoma mpaka leo katika vitabu vya wageni. Wazee wanaokumbuka wanakufa kila mwaka. Kazi hiyo inaomba watu wenye kuisomea.

Lakini mtu asiingie na macho yamefungwa. Mwenye kupenda historia afanye mambo 4:

a) ahesabu miaka 3 ya masomo, na juu yake aongeze miaka 2 ya kungoja mshahara;
b) asikope feza yenye faida ya kila mwezi;
c) awe na kazi ya pili ya mikono, kama shamba, kushona ao kutengeneza pikipiki, ya kumlisha wakati wa kungoja;
d) apatane na jamaa kwamba hakuna mdogo atakayetolewa shuleni juu yake.

Kama shauri la nne haliwezekani, afazali angoje mwaka mmoja, atafute feza kwanza. Historia haitakimbia. Lakini mdogo akipoteza shule, deni lake nani atalilipa?

Sisi wafinalisti