Usimlaumu mama, jeni za mtoto hutoka pande mbili

Mtoto anapozaliwa, wageni huanza kugawana sura yake hata kabla hajafungua macho sawasawa. Shangazi atasema pua hiyo ni ya babu mzaa baba. Nyanya atashikilia kwamba masikio ni ya kwao. Jirani aliyekuja kumwona mzazi naye atakiona kidevu cha mjomba. Kila mmoja anataka sehemu yake, na wote hucheka.

Lakini ngoja mtoto huyo augue. Ikiwa analia mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa, macho yamegeuka manjano na damu inampungukia kila baada ya muda mfupi, mazungumzo ya sebuleni hubadilika. Pua ilikuwa ya ukoo mzima. Ugonjwa sasa ni wa mama peke yake. Utamsikia mavyaa akisema, "Kwetu hatujawahi kuwa na kitu kama hiki." Mwingine atanong'ona kwamba mtoto amerogwa, na mwingine atazungumza juu ya laana. Huku nyuma mama anajiuliza alikosea wapi, na pengine baba ameanza kuchelewa kurudi nyumbani.

Mpenzi msomaji, ugonjwa tunaouzungumzia ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Huenda unamjua mtoto anayeugua, awe wa jirani, wa darasani au wa nyumbani kwako. Ukiuelewa ugonjwa huu, utakuwa umeelewa pia jinsi viumbe wote wanavyorithi sifa za wazazi wao. Na utaona kwa nini lawama ile ya sebuleni haina msingi.

NAKALA MBILI ZA KILA AGIZO

Mwili wako umejengwa kwa seli, yaani vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya karibu kila seli mna maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili mzima. Kila agizo huitwa jeni, na binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Jeni hizo zimepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu, ambazo ni 46, yaani jozi 23.

Jozi hizo zilitoka wapi? Kromosomu 23 zilikuja katika yai la mama, na 23 katika mbegu ya baba. Kwa hivyo, karibu kila jeni uliyo nayo una nakala zake mbili, moja ya mama na moja ya baba. Hakuna mzazi anayempa mtoto wake damu peke yake.

Aliyegundua kanuni ya jambo hili hakuwa daktari. Alikuwa mtawa, Gregor Mendel, aliyekuwa akipanda njegere katika bustani ya makao ya watawa mjini Brno, ulaya ya kati. Mendel alipozalisha njegere ndefu pamoja na fupi, kizazi cha kwanza chote kilikuwa kirefu. Ungedhani ufupi umetoweka. Lakini alipozalisha hizo ndefu zenyewe kwa zenyewe, ufupi ulirudi, takriban mmea mmoja katika kila minne. Sifa ile haikuwa imepotea, ilikuwa imejificha. Mendel alichapisha matokeo yake mwaka wa 1866, na ni wachache waliomsikiliza wakati huo.

Shika neno hilo, msomaji: kujificha. Ndilo litakalotusaidia mbele.

HERUFI MOJA TU

Chembe nyekundu za damu zina kitu kiitwacho himoglobini, ambacho hubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Agizo la kutengeneza sehemu moja ya himoglobini limo katika kromosomu nambari 11.

Jeni huandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali. Maagizo yote ya binadamu yana herufi zipatazo bilioni 3 katika kila nakala. Katika mtu mwenye selimundu, ni herufi moja tu katika jeni hiyo iliyobadilika. Unaweza kuliona jambo hili kuwa dogo, lakini jaribu kumwandikia mtu namna ya kupika, na badala ya "paka mafuta" uandike "pika mafuta". Herufi ni moja, lakini chakula kimeharibika.

Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na ni laini. Hujipinda ikapita katika mishipa myembamba kabisa. Herufi ile moja inapobadilika, himoglobini hushikana ndani ya chembe mara oksijeni inapopungua, na chembe hukakamaa ikachukua umbo la mundu. Ndiyo asili ya jina selimundu. Chembe kama hizo huziba mishipa, na hapo ndipo maumivu makali hutokea. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali hii huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto huishiwa na damu.

Hata hivyo, ili mtu augue ni lazima nakala zake zote mbili ziwe na kasoro. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro huwa mbebaji. Kwa kawaida haumwi, anacheza mpira, anazaa, anazeeka bila kujua. Jeni imejificha ndani yake kama ule ufupi wa njegere za Mendel.

KWA NINI HUKU KWETU?

Swali hili lilimsumbua kijana mmoja aliyelelewa nchini Kenya na kusomea Uingereza, Anthony Allison. Mwaka wa 1949 alikuwa katika safari ya wanasayansi humu nchini, akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Alipozipima aligundua jambo la ajabu. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Katika nyanda za juu zilizo katikati, hawakufika hata mmoja katika 100.

Pwani na ziwani kuna nini ambacho hakiko milimani? Mbu. Allison alishuku malaria, akaenda kuchunguza watoto nchini Uganda. Mwaka wa 1954 alichapisha matokeo yake: mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Basi kwa maelfu ya miaka, watoto wengi wasio na jeni hiyo waliuawa na malaria, na wenye nakala mbili waliuawa na selimundu. Mwenye nakala moja alinusurika, akakua na kuwarithisha watoto wake.

Kwa hivyo jeni hii si laana ya ukoo wowote. Ni alama ya mahali walikoishi babu zetu, na ya jinsi walivyopona.

Hapa wakazi wa mijini tuwe waangalifu. Wengi hudhani kwamba maradhi ya kurithi huwapata waliooana ndugu kwa ndugu tu. Sivyo. Kijana aliyetoka Kilifi anaweza kukutana Nairobi na msichana aliyetoka Siaya. Hawana undugu hata kidogo, lugha zao ni mbali, lakini wote wawili wanatoka katika nchi ya malaria. Wanaweza wote kuwa wabebaji na wasijue.

RUSHA SARAFU

Sasa wanafunzi, chukueni sarafu mbili. Moja ni baba na moja ni mama, wote wabebaji. Upande wenye nembo ya taifa uwe jeni salama, na upande wa pili uwe jeni ya selimundu. Rusheni zote mbili kwa pamoja mara 40, mkiandika matokeo.

Mtaona kwamba takriban robo ya mirusho ni nembo mbili: mtoto asiye na jeni hiyo. Karibu nusu ni mchanganyiko: mtoto mbebaji. Na takriban robo ni upande ule mwingine kwa zote mbili: mtoto mgonjwa.

Tazameni jambo moja zaidi. Sarafu haikumbuki. Ikitoka robo ile mbaya leo, mrusho ujao bado una nafasi ile ile, moja katika nne. Wazazi wengi huambiwa kuwa uwezekano ni mmoja kwa wanne, wakaelewa kwamba mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata watakuwa salama. La hasha! Kila mimba ni mrusho mpya. Familia yenye watoto wanne inaweza kuwapata wote wazima, au wawili wakawa wagonjwa.

Na tazameni sarafu iliyoleta ugonjwa. Ni ipi? Ni zote mbili. Haiwezekani sarafu ya mama peke yake kumpa mtoto nakala mbili.

JENI HUWASHWA NA KUZIMWA

Jambo jingine linalowachanganya wazazi ni hili: mtoto alizaliwa mzima, akanenepa, kisha alipofikisha miezi sita hivi mikono na miguu ikaanza kufura. Si ajabu watu wakatafuta mtu aliyemtazama kwa kijicho.

Ukweli ni kwamba jeni zote hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Seli ya jicho na seli ya ini zina maagizo yale yale, ila kila moja husoma kurasa zake na kuzifunga nyingine. Ndivyo yai moja linavyokuwa mtoto mwenye macho, ini na vidole. Tumboni, mtoto hutumia jeni nyingine kutengeneza himoglobini ya utotoni, ambayo haina kasoro ile. Baada ya kuzaliwa, jeni hiyo huzimwa polepole na ile ya ukubwani ikashika zamu. Katika miezi hiyo ndipo ugonjwa hujitokeza. Hakuna kijicho, zamu imebadilika.

Wanasayansi wakajiuliza: je, himoglobini ya utotoni ikiamshwa tena? Dawa ya vidonge iitwayo haidroksiurea huiongeza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliofanywa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulionyesha kwamba watoto wanaoitumia hupungukiwa na maumivu, malaria na hata vifo.

Mwaka wa 2008 iligunduliwa kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo hasa inayozima himoglobini ya utotoni. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kuchukua seli za mgonjwa mwenyewe, kukata sehemu ya swichi hiyo na kumrudishia. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2, fedha ambazo familia zetu haziwezi hata kuziota. Isitoshe, tiba hiyo hubadilisha seli za damu, haigusi mayai wala mbegu. Aliyepona bado anaweza kumrithisha mwanawe jeni ile ile.

UFANYE NINI?

Kwanza, pima. Hasa kama unatarajia kuoa au kuolewa, au asili yako ni pwani, magharibi mwa Kenya au eneo lolote la malaria. Omba kipimo cha himoglobini. Baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha tu kwamba jeni ipo. Hivyo havikuambii kama una nakala moja au mbili, na kwa mtoto mchanga vinaweza kukosea. Majibu huandikwa AA kwa asiye na jeni, AS kwa mbebaji na SS kwa mgonjwa. Usiyachanganye na makundi ya damu ya A, B, AB na O. Hayo ni mambo mengine kabisa.

Pili, mkigundua kwamba nyote ni wabebaji, ndoa haijakatazwa. Zungumzeni na daktari au mshauri, mjue mnaloliendea. AS akioana na AA, hawatapata mtoto SS, ingawa baadhi ya watoto wanaweza kuwa wabebaji.

Tatu, ikiwa mtoto tayari ni mgonjwa, usikate tamaa. Anywe maji mengi na asipigwe na baridi. Alale ndani ya chandarua, apate chanjo zote na dawa anazoandikiwa, ikiwemo penisilini akiwa mdogo. Homa kwake si jambo la kusubiri kesho; mkimbize hospitalini. Mwambie mwalimu wake pia, asije akaadhibiwa kwa uvivu ilhali ana maumivu.

Na wewe baba, nenda kapimwe pamoja na mkeo. Kaeni kwenye benchi moja, mpokee majibu pamoja. Mtoto wenu akiugua usiku wa manane, atahitaji watu wawili wa kumbeba.

Siku nyingine utakapokwenda kumtazama mtoto mchanga, gawana pua na masikio kama desturi ilivyo. Lakini kumbuka kwamba kilichojificha ndani nacho kimetoka pande zote mbili. Waliodai pua wakubali na damu.